Bolti ya Tundu la Tatu

Papa Anselme alizikwa Jumamosi, mimi nikafika Kisangani Jumatatu, kwa sababu ndege ya kwetu Goma ikiamua kulala haiamshwi na kilio cha mtu. Nilikuta turubai la matanga bado limetandazwa uani kwake, mtaa wa Mangobo, viti vya kukodi vimeanza kurudishwa, na Mama Anto, mjane wake, amekaa chini kwenye mkeka, miguu kainyoosha mbele, kichwani kajifunga kitambaa cheupe. Njia nzima nilikuwa nimejiambia kwamba nitalia kwa heshima, kama mtu mzima mwenye wajukuu. Wapi! Nilipomwona tu nikaanguka palepale mlangoni na begi langu mgongoni, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa muhindi. Mama Anto akaningoja nimalize. Kisha akasema, "Furaha, umefika. Kula kwanza." Wakaniletea lituma, zile ndizi zilizopondwa ambazo sijawahi kuzila mahali pengine zikawa na ladha ile, na kipande cha samaki wa moshi, nikala huku machozi yakidondokea sahani. Nilikuwa na neno moja la kumwambia Papa Anselme. Nililibeba zaidi ya miaka ishirini, nikaja mjini humu mara mbili kumtembelea, na mara zote mbili nikalimeza pamoja na chai.

Katika ua ule niliishi mwaka mmoja tu. Habari ya jinsi nilivyofika si ndefu. Nilikuwa mwanafunzi wa kilimo, mwaka wa tatu. Majeshi mawili ya wageni yakaja kugombania mji usiokuwa wa yeyote kati yao, mabomu yakaanguka mpaka jikoni mwa watu, masomo yakafungwa, njia ya kurudi Kivu ikakatika. Mama Anto alikuwa ananiuzia maharagwe sokoni. Aliniona nimesimama mbele ya meza yake sina cha kununua, akasema nikalale kwake mpaka mambo yatulie. Mambo hayakutulia upesi. Chumba alichonipa kilikuwa na kitanda cha mianzi, sanamu ya Bikira Maria iliyopasuka mkono, na kabureta tatu ndani ya kopo la mafuta ya taa chini ya dirisha. Bati la juu lilikuwa na matundu ya vipande vya bomu, na saa sita mchana jua lilishuka kwa nyuzi nyembamba hadi kwenye shuka langu. Hata leo nikinusa mafuta ya taa nasikia usalama, jambo ambalo wanangu hawalielewi, wanafikiri mama yao ana kasoro.

Ukuta kati yangu na chumba chao ulikuwa wa udongo na fito, na asubuhi kabla jogoo wa jirani hajaanza fujo zake nilisikia maneno yao yote. Ndivyo nilivyojua habari ya mbegu. Mama Anto na wanawake wengine kumi na mmoja walikuwa na likelemba, chama cha kulimiana mashamba kwa zamu, na kila mmoja alikuwa amenyima watoto wake sahani ili achangie mbegu za mpunga katika gunia moja lililowekwa chini ya kitanda cha Mama Anto. Boti za kutoka chini ya mto zilikuwa haziji tena. Treni ya Ubundu ilikuwa imelala. Mashamba ya mbali msituni yalikuwa na askari, na mwanaume akionekana huko alipewa mzigo abebe, hakurudi. Palibaki uwanja mmoja tu wa karibu, ng'ambo ya daraja la Tshopo kwenye njia ya Bengamisa, malisho ya zamani ya mzungu wa kahawa, nyasi zake zimepita kichwa na mizizi imeshikana. Majembe yalikuwa yakiruka juu yake. "Anselme," nilimsikia Mama Anto akisema kwa sauti ya chini, "mbegu ile iko ya ba mama kumi na mbili. Ikipotea, miye sitapita tena mu soko. Nitapita na uso gani?" Papa Anselme akakohoa. "Bon," akasema. "Nitaamsha ba tracteur."

Hayo matrakta, jamani, msifikirie makubwa. Yalikuwa matatu, kila moja halizidi kitanda cha mtu mmoja kwa urefu, lina kiti cha chuma chenye matundu na injini ya silinda moja mbele. Mzungu alikuwa akikatia nayo nyasi za baraza lake na kulimia bustani ya mboga kwa plau ndogo. Papa Anselme aliyatunza miaka mingi alipokuwa fundi wa shamba lile, mpaka mzungu akaondoka, kisha mashine ya kukoboa kahawa ikamkamata Papa Anselme mkono wa kulia. Vidole vilibaki vyote vitano, ila havikunji tena. Vilikaa vimenyooka kama vya mtu anayesema "ngoja kidogo". Wanawake kumi na wawili waliyasukuma matrakta yale kutoka banda la kahawa, wakayavusha daraja la Tshopo wakiimba, askari wa kizuizini wakicheka mpaka wakasahau kudai chochote. Yalipofika uani Papa Anselme aliyazunguka mara mbili, akanitazama nikichambua pondu, majani ya mihogo. "Mutoto ya Kivu," akasema, "leta mukono." Nikampa mkono, nikidhani ananisalimu. Akaugeuza, akaupima upana kama mtu anayenunua samaki. "Iko mwembamba. Itapita chini ya chassis. Kuanzia leo iko mukono yangu."

Basi nikawa mkono wake. Nimesoma shule nyingi baadaye, lakini darasa nililolipenda kuliko yote ni lile la kulala chali kwenye gunia chini ya mwembe wa jirani uliotupa kivuli uani kwetu, uso wangu umejaa kutu, na sauti yake juu yangu ikisema kushoto, kidogo, hapana, rudi, sasa sikiliza. Alikuwa na sheria moja tu, na aliishika kama amri ya kanisa: anayefunga ndiye anafungua. Bolti uliyoikaza wewe, hakuna mwingine anayeilegeza. "Kwa nini, papa?" nilimwuliza. Akasema mwenye kukaza ndiye anajua alikaza kwa hasira au kwa furaha. Nilicheka. Hakucheka. Kutoka matrakta matatu tulitoa moja. Pistoni ilikuwa imeganda, tukailoweka siku nne. Ncha za kuwashia cheche nilizisugua na ubavu wa kiberiti. Tairi za nyuma zilikuwa zimetoboka kama chujio, tukazishindilia majani makavu ya migomba mpaka zikawa ngumu. Ili magurudumu yasiteleze yakivuta plau yalihitaji uzito, na kijana mmoja wa toleka, yaani teksi ya baiskeli, akatuletea kutoka Lubunga vipande viwili vya reli chakavu, vizito kiasi kwamba baiskeli ilifika imepinda.

Kilichokosekana ni mkanda wa visu vya kukatia nyasi, na petroli. Mkanda tulikwenda kumwomba Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyeuza sabuni na vitenge karibu na soko, na aliyekuwa na kinu cha kusaga mihogo kilichosimama kwa kukosa mazuti, yaani dizeli. Alitusikiliza huku anapanga sabuni zake. "Munataka nitoe mukanda ya kinu yangu nipe tracteur ya mufu?" Papa Anselme akamjibu, "Kinu yako nayo iko mufu. Ngoja mufu moja asaidie mwenzake." Papa Kambale akakuna kidevu, akanigeukia mimi kwa kuwa ni wa upande wa kwao, kana kwamba nitasema ukweli kuliko hao wa mto. "Dada, itatembea kweli?" Nikasema itatembea. Sikujua. Akautoa mkanda mwenyewe, akaufunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga, akasema, "Mukivuna, munialike." Sikumsahau mtu yule. Kila mara watu wakianza kunisimulia uchoyo wa wafanyabiashara nawaambia nyamazeni, hamkumwona Papa Kambale akifungua kinu chake kwa mikono yake.

Petroli ilipatikana chupa moja tu, kwa hiyo Papa Anselme akaamua trakta itakunywa lotoko. Ndiyo, pombe ile ya mahindi inayolaza wanaume njiani. Mama Anto aliipitisha kwenye mtungi wa kuchemshia mara mbili, mara tatu, mpaka ukiidondosha chini na kuiwasha inawaka bluu. Mimi nilipanua tundu dogo la kabureta kwa sindano ya cherehani, nikizungusha taratibu, jasho linaniingia machoni. Injini tuliiamsha kwa kijiko cha petroli, ikakohoa, ikatoa moshi, kisha tukaiachia lotoko. Loo! Ilinguruma ua mzima ukatetemeka, kuku wakaruka ukuta, na harufu ikawavuta wazee wa mtaa mmoja baada ya mwingine, pua juu. "Muangalie," Mama Anto akawaambia, "huyu anakunywa, lakini anafanya kazi." Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Nilicheka nao, na nikagundua kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu mabomu.

Nyasi zilikatwa siku tatu. Papa Anselme aliendesha, mkono wa kushoto kwenye usukani, ule wa kulia umelala pajani, nasi tukafuata nyuma tukikusanya. Kisha ikaja kufunga plau, na hapo ndipo habari yangu inapoanza kunichoma. Plau ile haifungwi ovyo. Wakati wa kulima gurudumu moja linatembea ndani ya mfereji na jingine juu, kwa hiyo unalipandisha gurudumu la kushoto kwenye kipande cha ubao chenye urefu sawa na kina unachotaka, halafu unaisawazisha plau, halafu unakaza bolti ya kina. Bolti ile ilikuwa chini kabisa ya fremu, mahali pa mkono wangu tu, na fremu ilikuwa na matundu matatu: la kwanza kwa kulima juu juu, la tatu kwa kwenda chini sana. Papa Anselme aliweka vidole vyake vinne vilivyonyooka juu ya ubao. "Kina iko hii. Vidole bine. Tundu ya kwanza." Nikakaza. Tulipojaribu mstari mmoja, plau ilikwaruza tu ardhi, ikageuza tabaka jembamba jeusi, na mama mmoja akasema kwa sauti, "Eeh, hiyo haiko kulima, iko kuchana nywele!" Wote wakacheka. Nami niliyesoma miaka mitatu nikaona aibu kwa niaba ya trakta yangu. Vitabu vyangu, vilivyoandikwa na watu wa Ulaya kwa udongo wa Ulaya, vilisema sentimita ishirini na zaidi. Nilimwambia. Akasema, "Donc kitabu iulize udongo." Jioni ile homa ikamkamata.

Alilala wiki tatu. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukaa juu ya mto, wanawake wana haraka, na mimi nikawaambia tusingoje, najua kuendesha. Asubuhi, kabla hawajafika uwanjani, nilipitisha mkono chini ya fremu, nikaitoa bolti kwenye tundu la kwanza nikaitia la tatu, nikakaza kwa spana namba kumi na saba. Nilikaza kwa kiburi. Alisema kweli, mwenye kukaza anajua. Na udongo ukaja juu, mwekundu, mnene, unang'aa, mistari imenyooka, wanawake wakapiga vigelegele, wakaniita ingénieur. Nilijiona mtu. Tulilima nusu ya uwanja, lotoko ikaisha, tukapanda mpunga nusu hiyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Tabu yangu ni kwamba mimi nilivunja guu la wenzangu. Mvua ilipiga siku mbili, jua likafuata, na ule udongo mwekundu niliouchimbua toka chini, udongo usio na chakula, ukashikana ukawa tofali. Mpunga ulioota ulikuwa wa manjano, mmoja hapa, mmoja kule. Ule weusi mwembamba, chakula chote cha ardhi ile, nilikuwa nimeuzika.

Wakaja uani wenzake Mama Anto wote kumi na mmoja, hakuna aliyeimba. Papa Anselme alikuwa ametoka kitandani siku chache tu, amekaa kwenye kiti chake cha kamba, blanketi mabegani. Mimi nilikuwa jikoni namenya mihogo, mlango uko wazi, nasikia kila neno. "Papa Anselme," mama mmoja akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, afadhali ingekuwa, "nani alipeleka plau chini vile? Watoto wetu watakula nini?" Kisu kilisimama mkononi mwangu. Nilisema moyoni, toka, Furaha, toka sasa. Sikutoka. Kama wangenifukuza ningekwenda wapi katika mji ule? Nikasikia Papa Anselme akisema polepole, "Miye. Bolti ile nilifunga miye, mbele ya homa kunikamata. Nilikosa." Kisha Mama Anto akaingia ndani, akapita mbele yangu bila kunitazama, akapanda kwenye kitanda chake, akateremsha kutoka kwenye paa debe lililofunikwa kwa kitambaa. Lilikuwa na mbegu. Akalitua katikati yao akasema mwanamke haipi ardhi mbegu yote siku moja, hata kama mume wake ni fundi. Mimi nikaendelea kumenya mihogo, nikamenya hata ile iliyokwisha kumenywa.

Kesho yake Papa Anselme alinipeleka uwanjani, sisi wawili tu. Akanipa ile spana ya kumi na saba, dix-sept yetu, akaelekeza kwa vidole vyake vilivyonyooka chini ya fremu. "Anayefunga ndiye anafungua," akasema. Nikalala chini, nikailegeza, nikairudisha tundu la kwanza, nikakaza huku nalia, na nililia kwa sauti kusudi asikie. Alisikia. Aliponiona nimetoka alinipangusa kutu usoni kwa pindo la shati lake. Tukalima nusu iliyobaki, vidole vinne, kuchana nywele, na mbegu za debe tukazitawanya kwa ubahili. Mpunga ule, nikuambie? Ulisimama wa kijani mpaka watu wa barabara ya Bengamisa wakawa wanasimamisha baiskeli kuutazama. Haukujaza maghala, lakini nyumba kumi na mbili zilipata wali na mbegu ya mwaka uliofuata. Siku ya kula Papa Kambale alialikwa, akaja na sabuni kwa kila mama, akala sahani tatu. Miezi miwili baadaye nikapata nafasi kwenye ndege ya mizigo, nikaondoka. Nimefundisha kilimo maisha yangu yote baada ya hapo, na kila darasa jipya nawaambia waweke vidole vinne ardhini kabla ya kufungua kitabu. Wananiuliza nilisomea wapi. Nasema Mangobo.

Siku ya kufunga matanga, watu walipokuwa wakisimama mmoja mmoja kumsema marehemu kwa wema, nami nikasimama. Wa likelemba walikuwa wamebaki watano, wamekaa mstari mmoja, mmoja macho yamefunikwa na ukungu. Nikasema, "Ba mama, mwaka ule wa plau, Papa Anselme aliwaambia bolti alifunga yeye. Aliwadanganya kwa ajili yangu. Nilifunga mimi. Nilikuwa jikoni nikasikia, nikanyamaza. Naomba mnisamehe." Halafu yule mama wa macho ya ukungu akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Wenzake wakamfuata. Mama Anto, mjane siku ya kufunga matanga ya mume wake, akaziba mdomo kwa kitambaa, akashindwa. "Furaha, weye mutoto," akasema, "ule mukono yake uliona? Hata kifungo ya shati nilimufungia miye, kila asubuhi, mpaka siku amekufa. Bolti alikaza na nini? Na meno?" Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. "Tulijua siku ileile," akasema yule mama wa macho ya ukungu. "Wote?" nikauliza. "Wote. Alitaka ubaki. Basi na siye tulitaka ubaki." Nikakaa chini, miguuni pao.

Watu walipopungua Mama Anto alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Trakta ilikuwapo chini ya mabati, rangi yote imekwisha, plau yake bado imefungwa nyuma. Ililima miaka mingi, akaniambia, vidole vinne kila mwaka, mpaka injini ikachoka. Sasa mjukuu wake amepata injini nyingine, anataka kuiamsha ikate nyasi makaburini kabla ya misa ya siku arobaini, na lazima plau itolewe kwanza. Mafundi wawili wamekuja. Wamefungua kila kitu, isipokuwa bolti moja. "Anselme alikataza," Mama Anto akasema. "Hata akiwa mugonjwa: ile ya chini muache, mwenyewe atakuja." Akatoa spana kwenye mfuko wa kitenge, namba kumi na saba. Nilivua viatu, nikalala chali kwenye gunia, nikapitisha mkono wangu chini ya fremu, mkono ambao siku hizi umenenepa na ukapita kwa shida. Bolti ilikuwa pale, tundu la kwanza. Nikasukuma, ikagoma. Nikasukuma tena nikimwita Papa Anselme, ikalegea.